Bibi Alihamishwa kwa Sababu ya Malale?

Swali: Shikamoo, mzee. Marehemu bibi alikuwa akisema Waingereza waliwahamisha huku Kasulu miaka ya 1930, eti kisa malale, ugonjwa wa usingizi. Au walitaka ardhi?

Jibu: Marahaba, mjukuu. Bibi alisema kweli. Mbung'o, nzi waenezao malale, hupenda kivuli cha vichaka, hivyo watu walikusanywa pamoja ili mashamba yao yaondoe pori. Kiafya ilikuwa na maana, ila waliacha migomba na makaburi, na walikotoka pori likarudi. Na kodi? Watu wakiwa pamoja, kodi hukusanywa kirahisi!

Wajerumani, kabla yao, huku Ziwa Tanganyika walikupapasa shingo wakitafuta tezi zilizovimba, dalili ya malale. Wakizikuta, unadungwa atoksili, dawa yenye aseniki, wengine iliwapofusha. Waliokimbia sindano ile, mimi siwalaumu.