Tumpeleke nani kusomea sola?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Kazuramimba, wilaya ya Uvinza. Tuko wanachama 22 na tumeweka akiba ya kumsomesha mtu ufundi wa sola. Mara ya kwanza tulimsomesha kijana wa kidato cha nne. Haikupita miezi mingi akahamia Dar es Salaam, na sola ya kikundi imelala mpaka leo. Sasa tumegawanyika. Wengine wanataka tena kijana aliyesoma. Mimi nampendekeza mama mmoja wa darasa la saba, ana watoto watano. Wanasema hesabu zitamshinda. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mpelekeni huyo mama. Akiba ikiruhusu wapelekeni wawili, ili mmoja akiuguliwa au akipata msiba mwingine abaki na ufunguo wa chumba cha betri.

Kijana simlaumu. Mjini sola za kufunga ni nyingi, kwenu ipo moja. Lakini huyo mama ana shamba la maharage hapo, ana michikichi yake, na watoto wanasoma hapo hapo. Hana pa kwenda na ujuzi wenu.

Hofu ya hesabu naijua, nimeisikia kila kijiji. Huko Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, kuna Barefoot College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1972. Kinawachukua akina mama wa vijijini, wengi hawakupata shule, na kwa miezi 6 wanafundishwa sola kwa rangi za waya, kwa ishara, na kwa kurudia kazi mpaka mikono izoee, maana hata lugha hawaelewani. Akina mama wa Zanzibar walikwenda huko, na sasa kuna kituo cha namna hiyo Kinyasini, Unguja. Basi wa darasa la saba atashindwaje?

Mimi nafundisha vijijini huku Kasulu, na siku ya kwanza hatufungui daftari. Naweka mezani betri mbili za volti 12 zinazofanana, na mita ya kupimia volti. Nauliza: ipi imejaa? Wanazitazama, wanazinyanyua, wanabishana. Kisha mmoja anagusisha waya mwekundu wa mita kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Ya kwanza inasoma 12.6. Ya pili 11.7. Mwaka fulani bibi mmoja akasema, "Kumbe hii ina njaa," na darasa zima likabaki na neno hilo. Betri ya maji iliyopumzika ikisoma 12.6 imeshiba, 12.1 hivi imebaki nusu, na ikishuka hapo zima taa, iache ile kwanza. Hiyo ndiyo hesabu waliyokutisha nayo.

Inayofuata ni ya matumizi, na mama anayepanga chakula cha watoto watano ameshaizoea. Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 5 zinakula wati-saa 100, yaani 4 mara 5 mara 5. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100, lakini ukitaka idumu usile zaidi ya nusu. Akilijua hilo, atakuwa na ujasiri wa kumkatalia shemeji anayetaka kuchomeka mashine ya kunyolea.

Na waya, tafadhali, wasiupite haraka. Zamani nilifunga sola kwenye zahanati moja nikatumia waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5. Kwenye betri nilipata 12.4, kwenye taa ya chumba cha kujifungulia 11.2. Volti nzima na zaidi ilipotelea njiani, na mkunga akawa anazalisha kwenye mwanga hafifu mpaka niliporudi na waya mnene. Hilo linaniuma hadi leo, ndiyo maana kila mwanafunzi wangu anapima ncha zote mbili za waya kabla hajaniita nikague.

Kuhusu chuo, anzeni kuuliza chuo cha ufundi cha VETA hapo Kigoma mjini kama wana kozi fupi ya sola. Popote mtakapomlipia, ulizeni jambo moja: atafunga na kufungua mfumo mzima kwa mikono yake mara ngapi? Wakijibu kwamba ni mara moja, siku ya mwisho, tafuteni kwingine. Na asipelekwe msimu wa kupanda, mawazo yatabaki shambani.

Mnunulieni mita yake kabla hajaondoka, aizoee hukohuko.

Ile sola iliyolala msiiuze. Betri huenda imekufa kwa kukaa na njaa muda mrefu, kwa hiyo anzeni kuchangia nyingine, na isiwe ya gari. Paneli hudumu miaka 20 na zaidi. Ifuteni vumbi, muiache juu ya bati mpaka huyo mama arudi aifungue mwenyewe.