Maswali ya Walimu: Kufundisha kwa Theluji na Barafu

Kila majira ya baridi watoto wangu wa darasa la kwanza hukata chembe za theluji za karatasi. Ninawaambia theluji ina pembe sita, lakini tukikunjua tunapata nane. Tunakosea wapi?

Mnakunja nusu kwa nusu. Kila mkunjo wa katikati unazidisha kwa mbili: nne, nane, kumi na sita. Sita haiji kwa njia hiyo mpaka mkunjo mmoja ugawe kwa tatu.

Chukua mraba wa sentimita 20 hivi, ukunje kona kwa kona upate pembetatu. Tia alama katikati ya upande mrefu uliokunjwa. Hapo ndipo kitovu. Kuanzia kitovuni, leta upande wa kulia uvuke katikati, kisha wa kushoto uulalie, mpaka kingo zikutane sawasawa. Mkunjo huu ndio unaowashinda watoto, kwa sababu jicho la mtoto wa miaka sita halikadirii nyuzi 60. Kila meza ipe pembetatu ya kadibodi yenye pande tatu zilizo sawa. Mtoto anaweka ncha yake kwenye kitovu na kukunja kwa kufuata ukingo wa kadibodi, basi.

Sasa kuna tabaka 6. Kunja nusu tena zifike 12. Walimu wengi huacha mkunjo huu wa mwisho kwa kuwa mkasi wa mtoto haupenyi, na matokeo yake ni chembe yenye mikono mitatu ya namna moja na mitatu ya namna nyingine. Usipunguze mikunjo, badilisha karatasi. Karatasi laini ya kufungia zawadi inakatika vizuri, na ya kuchujia kahawa iliyo duara ni bora zaidi kwa wadogo: ikunje nusu, halafu theluthi, halafu nusu, wala haina kona za kusawazisha. Ukitumia mraba, kata kwanza ncha za juu zilizopishana.

Onyo moja kabla ya mkasi: mkato usitoke ukingo mmoja ukafika wa pili. Ukifika, sehemu yote ya nje inaanguka na mtoto analia.

Wakiuliza kwa nini sita, waambie kwamba maji yakiganda, chembe zake ndogo kabisa hujipanga katika maumbo ya pembe sita, na theluji hukua kwa kufuata mpango huo. Mkulima Wilson Bentley wa Jericho, Vermont, nchini Marekani, alianza kupiga picha za theluji kupitia hadubini mwaka 1885 na alipofariki mwaka 1931 alikuwa na zaidi ya 5,000. Theluji ikianguka kwenu, waache wazione wenyewe. Kitambaa cheusi kilazwe nje nusu saa kipoe kabla ya kukinga, la sivyo chembe zitayeyuka zikigusa tu. Kioo cha kukuzia nacho kipoe hapo hapo. Na mtoto abane pumzi anapoinama.

Watoto wanashikilia kwamba glavu ina joto lake. Nimeeleza hadi nimechoka.

Acha kueleza, mwalimu. Weka vipimajoto viwili mezani, kimoja ndani ya glavu, kingine kando yake, na kabla hujafanya hivyo kila mtoto aandike namba anayotarajia. Yale makisio yaliyoandikwa ndiyo somo; bila hayo watoto watasema walijua tangu mwanzo.

Baada ya nusu saa vyote viwili vitasoma sawa. Watakuwepo watakaodai muda haukutosha. Kubali, acha hadi kesho yake.

Jaribio hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, glavu imetoka mkononi mwa mtoto dakika chache zilizopita, bado ina joto la mwili. Ilale mezani saa nzima kwanza. Ya pili, mtoto anashika kipimajoto kwenye ncha ya chini yenye kimiminika anapokisoma, namba inapanda papo hapo. Kishikwe juu. Tumia cha spiriti yenye rangi, kisiwe cha zebaki.

Siku ya pili chukua vipande viwili vya barafu kutoka trei moja, kila kimoja ndani ya mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa. Kimoja kiingie kwenye glavu, kingine kikae wazi meza hiyo hiyo. Uliza kipi kitaisha mapema. Wengi watataja cha ndani ya glavu, maana glavu “hupasha”. Usifungue glavu kila dakika kuchungulia. Subiri dakika 30, mimina maji ya kila mfuko kwenye kikombe cha vipimo. Cha wazi kitakuwa kimetoa maji mengi zaidi. Mwishoni mtoto avae glavu yenye kipimajoto ndani, aone namba ikipanda. Joto linatoka wapi? Hapo watajibu wenyewe, na watakuwa wamelipata jambo ambalo maelezo yako yalishindwa kuwapa.

Tulifanya jaribio la mafuta ya sili, la kuonyesha jinsi mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mnyama huyu wa bahari baridi yanavyomkinga: mtoto anatia mkono kwenye maji ya barafu akiwa ameuvika mifuko yenye mafuta ya kupikia katikati. Nusu ya darasa walisema hawakuhisi tofauti, na mafuta yalivuja mpaka sakafuni.

Kuvuja kwanza. Tia mafuta magumu, yale yanayoganda yenyewe kwenye joto la chumba, gramu 400 hivi, ndani ya mfuko wa zipu wa lita 1 au zaidi. Mafuta ya maji hayafai, hukimbilia chini na kuuacha mkono. Geuza mfuko wa pili ndani nje, uuingize ndani ya ule wa kwanza, ili zipu zake zishikane na zipu za nje. Mkono unaingia kwenye mfuko wa ndani bila kugusa mafuta. Juu ya zipu zungushia utepe mpana wa gundi. Kisha kanda mafuta mpaka yafunike pande zote kwa unene wa sentimita 1 au 2. Ncha za vidole husahauliwa, na huko ndiko baridi huhisiwa kwanza.

Kuhusu kutohisi tofauti, tunashuku mfuko wenu wa kulinganisha. Ni sahihi kutumia mifuko miwili isiyo na mafuta badala ya mkono mtupu, ili tofauti iwe mafuta peke yake. Lakini ikibaki hewa katikati ya mifuko hiyo, hewa nayo huzuia baridi vizuri sana, na mkono ule unapata joto usilostahili. Izamishe mifuko mitupu majini polepole huku mdomo uko wazi, hewa itoke, ndipo ufunge. Kingine ni mafuta yenyewe: wakishapita watoto kumi yamelainika na kupata joto la mikono yao, hivyo wa mwisho hawapimi kitu kile kile. Tengeneza jozi mbili zipokezane.

Beseni liwe na lita 3 za maji na barafu ya kutosha kuelea mpaka mwisho wa somo. Koroga kabla ya kila mtoto. Sekunde 30 zinatosha, na anayetaka kutoa mkono mapema atoe. Usiongeze chumvi kwenye maji haya kamwe.

Kwa nini chumvi isiongezwe? Tunaitumia katika mchezo wa kuinua barafu kwa uzi, ingawa uzi wetu haushiki.

Kwa sababu barafu iliyochanganywa na chumvi hushuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, hata kukaribia 21 chini ya sifuri, na ngozi huungua kwa baridi hiyo. Katika mchezo wa uzi chumvi ni kidogo, lakini hata hapo watoto wasiishike pamoja na barafu.

Uzi usioshika mara nyingi umezidiwa chumvi. Inatakiwa iyeyushe juu juu tu, kisha maji yale yagande tena na kuubana uzi; ukimwaga kijiko kizima hayagandi. Bana chumvi kidogo kwa vidole viwili, uinyunyize juu ya uzi uliolazwa kwenye barafu, subiri dakika 1 hadi 2 bila kugusa. Uzi uwe wa pamba uliolowekwa kwanza, kwa kuwa wa nailoni huteleza. Barafu itoke kwenye jokofu wakati huo huo: iliyokaa mezani dakika kumi inatiririka maji na haina baridi ya kugandisha chochote.

Tukiyeyusha theluji kwenye chupa, maji yatakuwa kiasi gani?

Theluji iliyoanguka karibuni, isiyoshindiliwa, hutoa takriban sehemu 1 ya maji kwa sehemu 10 za theluji. Ikiwa na unyevu mwingi maji huzidi, ikiwa kavu na laini hupungua sana. Anza asubuhi mapema, maana chupa ya lita 1 darasani huchukua saa kadhaa. Kila mtoto abandike utepe pale anapodhani maji yatafika. Karibu wote wataubandika juu mno. Mkimaliza, chujeni maji kwenye karatasi nyeupe. Uchafu utakaobaki utawafanya waache kula theluji kuliko makatazo yako yote.

Naweza kuweka dubu wa barafu na pengwini kwenye picha moja ya ukutani?

Ukitaka, chora mstari katikati. Dubu huishi kaskazini ya dunia, pengwini karibu wote kusini, wala hawakutani porini. Waulize watoto kwanza nani anaishi wapi, wabandike wanyama kwa gundi inayobanduka, ili waweze kuwahamisha.