Usikimbilie kushtaki, anza na nyaraka

Ndugu, unasema kampuni yenye hisa zako imesajiliwa Delaware, jimbo la Marekani, na bodi imeuza ghala kwa kampuni ya shemeji yake mwenyekiti kwa bei ya kutupa. Hata kama ofisi iko Texas, wajibu wa wakurugenzi utapimwa kwa sheria ya Delaware.

Usijenge kesi juu ya uzembe. Tangu 1986 kampuni zinaruhusiwa kuweka kwenye hati ya usajili kwamba mkurugenzi hatalipa fidia kwa kukosa uangalifu, na nyingi zimeweka. Shikilia uaminifu: nani alinufaika, na nani kati ya waliopiga kura ana undugu naye?

Majibu yatafute kwa kifungu cha 220 cha sheria ya kampuni ya Delaware, kinachompa mwenye hisa haki ya kukagua nyaraka za kampuni. Iandikie kampuni barua ya kiapo, eleza sababu, taja nyaraka zenyewe: mihtasari ya vikao vilivyojadili ghala, na makabrasha waliyogawiwa wajumbe. Usiandike "kila kitu". Mabadiliko ya sheria ya Machi 2025 yamebana sana hapo. Wakikataa, au siku 5 za kazi zikipita kimya, nenda Mahakama ya Chancery, mahakama ya Delaware inayosikiliza kesi za kampuni, uombe amri ya kupewa nyaraka.

Najua hili litakuuma: hasara ni ya kampuni, hivyo pesa zikirudi zinaingia kwa kampuni, si mfukoni mwako. Na hisa usiziuze sasa hivi tafadhali, maana ukiziuza kesi inakuponyoka. Kabla ya kushtaki kwa niaba ya kampuni, utatakiwa pia kuiomba bodi ishtaki yenyewe, au kuonyesha kwa undani kwa nini ombi lingekuwa bure. Hapo ndipo kesi nyingi hufia, kwa hiyo mtafute wakili wa Delaware mapema. Kwa kawaida muda wa kufungua kesi ni miaka 3.