Maswali na Majibu: Vanishi, laka au mafuta? Fanicha yako inataka nini

Mvua ikianza Nairobi, maswali kuhusu vanishi huongezeka. Nimeyakusanya yale yanayogusa watu wengi na kuyafupisha kidogo.

Hujambo fundi. Nimeagiza meza ya kulia chakula na viti sita kwa mafundi wa Ngong Road. Seremala ameniuliza kama nataka vanishi au laka, nami sijui tofauti. Nimwambie nini? (Msomaji, Donholm)

Sijambo, dada. Kabla ya kumtajia jina la kopo, mweleze meza itatumika vipi. Nyumba yenye watoto wanaoweka sufuria moto mezani ina mahitaji yake, na sebule ya wageni wa Jumapili ina yake.

Laka ya kawaida, ile inayopulizwa kwa mashine na mafundi wengi wa kando ya barabara, hukauka upesi kwa sababu thina iliyomo, yaani kile kiowevu cha kuizimulia, huvukia hewani. Kinachobaki ni utando tu, na ukiumwagia thina tena unalainika. Hapo ndipo penye uzuri wake na udhaifu wake pia. Uzuri ni kwamba mkono mpya wa laka, yaani tabaka jipya, unashikana kabisa na wa zamani, kwa hiyo kukarabati ni rahisi. Udhaifu ni joto na pombe kali.

Vanishi ya poliyurethani, ile inayozimuliwa kwa tapentaini, hukauka polepole. Inaungana na oksijeni ya hewa na kugeuka kitu kingine kisichoyeyuka tena kwa thina yake. Inastahimili maji na kikombe cha chai vizuri zaidi. Lakini ikikwaruzika, kiraka huonekana, na mara nyingi utalazimika kupiga msasa uso wote wa meza.

Ningekuwa mimi, uso wa meza ningeupaka poliyurethani mikono mitatu myembamba, nikipitisha msasa namba 320 kila mkono ukishakauka. Viti na miguu ya meza vitatosheka na laka. Ipo pia laka ya makopo mawili inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), ambayo ni ngumu zaidi, ila mwulize fundi wako anajikinga na nini anapoipuliza. Mvuke wake unaumiza mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Mafundi wetu wanastahili barakoa za kemikali, na mteja ana haki ya kuuliza.

Na swali kubwa kuliko vanishi ni hili: mbao imekauka? Mbao nyingi sokoni huuzwa zikiwa bado na maji ya mti. Fanicha ya ndani inataka unyevu wa asilimia 10 hadi 12 hivi, na kipo kifaa kidogo cha kuupima. Kama fundi hana, mwulize mbao ilipasuliwa lini. Kipimo cha zamani cha maseremala ni mwaka mmoja wa kukaa kivulini kwa kila inchi ya unene. Meza ya mbao mbichi itapasuka hata ukiipaka vanishi ya bei gani.

Mzee, mimi ni fundi kijana Kariobangi. Nikipuliza laka siku za mvua inageuka nyeupe kama maziwa. Nimebadilisha laka mara kadhaa na bado. Tatizo ni nini?

Kijana wangu, laka yako huenda haina kosa. Thina inapovukia haraka huchukua joto la uso wa mbao, na uso ukipoa kuliko hewa, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunaswa ndani ya utando. Weupe unaouona ni huo unyevu. Ndiyo maana masika, kati ya Machi na Mei, huwa msimu wa malalamiko haya, na asubuhi za baridi za Julai nazo zina shida zake.

Kwanza, badilisha saa ya kazi. Puliza kuanzia saa nne au saa tano hivi, hewa ikishapata joto, na uache kabla jioni haijaanza kupoa. Pili, tafuta thina inayokauka polepole na uchanganye kiasi kidogo kwenye thina yako ya kawaida, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Wauzaji wa laka wanaijua. Thina ya bei rahisi mno ndiyo inayovukia haraka kupita kiasi, na akiba ya shilingi chache inakurudishia kazi nzima. Tatu, fungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa kila asubuhi umwage maji yaliyokusanyika humo, la sivyo yatatoka pamoja na laka. Nne, puliza mikono myembamba.

Kazi iliyokwisha kugeuka nyeupe usiikwangue bado. Ngoja siku kavu, ipulizie ile thina ya polepole peke yake, kwa wepesi sana. Utando utalainika, unyevu utatoka, na mara nyingi uangavu unarudi.

Sendi sila nayo, ile ya kupaka kwanza chini ya laka, usiirundike. Naona mafundi wakiipaka mikono minne ili kuziba vinyweleo vya mbao, kisha laka mkono mmoja juu. Sila ni laini kwa makusudi, ili isagike vizuri kwa msasa, kwa hiyo ukiijenga nene umeweka msingi laini chini ya utando mgumu na utapasuka. Mkono mmoja au miwili, msasa, basi. Vinyweleo vikubwa vya mahogany vizibe kwa puti ya mbao kabla ya hapo.

Mlango wetu wa mbele ni wa mahogany na unapigwa na jua la asubuhi. Kila mwaka tunaupaka vanishi na kila mwaka inabambuka. Tufanye nini? (Baba wa familia, Lang'ata)

Mnapaka juu ya maiti, ndugu yangu. Vanishi angavu hupitisha miale ya jua hadi kwenye mbao, na miale hiyo huvunja lignini, gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mbao. Nairobi iko karibu na ikweta, juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na jua letu ni kali hata siku zisizo na joto. Tabaka la juu la mbao likishakufa, vanishi haina pa kushika. Inabambuka, mvua inaingia kwenye nyufa, na mbao inaanza kuwa nyeusi.

Vueni mlango kwenye bawaba. Ondoeni vanishi yote ya zamani, kisha pigeni msasa namba 80 mpaka ile mbao ya kijivu iishe na rangi hai ya mahogany itokee. Fuateni na 120, kisha 180. Msiruke namba, na mfuate nyuzi za mbao. Makwaruzo ya kukata nyuzi hayaonekani mbao ikiwa tupu, yanajitokeza ikishapakwa.

Kisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni vanishi iliyoandikwa kwamba ni ya nje, yenye kinga ya miale ya jua, inayonyumbulika mbao ikivimba na kusinyaa. Mkono wa kwanza uzimuliwe kidogo ili upenye, kisha mitatu zaidi. Ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa mlango wa juani, ni rangi ya mbao ya nje inayopenya bila kuacha utando mzito. Chembe za rangi zilizomo ndizo zinazolizuia jua. Haibambuki, inafifia tu, na baada ya mwaka mmoja au miwili unasafisha mlango na kupaka tena bila kukwangua. Haing'ai kama vanishi, na wapo wasioipenda kwa sababu hiyo.

Kabla ya kuurudisha mlango, pakeni ukingo wa juu na wa chini. Hakuna anayeuona ukingo wa chini, na hapo ndipo maji hupanda, kwa kuwa miisho ya mbao hufyonza kuliko upande mwingine wowote.

Kitanda changu cha saiprasi kilipakwa rangi ya mahogany, kimekuwa mabakamabaka. Fundi amenidanganya? (Dada wa Umoja)

Huenda hakukudanganya. Saiprasi na paina hufyonza rangi bila usawa: sehemu laini zinakunywa nyingi, penye mafundo na nyuzi zilizobana zinakunywa kidogo. Gundi nyeupe iliyomwagika na isifutwe nayo huacha doa lisiloshika rangi. Dawa ni kurudi kwenye mbao tupu, kupaka mkono mwepesi sana wa sila iliyozimuliwa, kupitisha msasa taratibu, ndipo rangi ije. Fundi aijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha mbao ileile.

Ila niseme linalonikera: tumezoea kuiaibisha saiprasi kwa kuivalisha rangi ya mahogany. Ni mbao ya kupendeza yenye umanjano wake. Vanishi ya maji, ile inayozimuliwa kwa maji na isiyoongeza umanjano, inaiacha ilivyo.

Naandaa kitanda cha mtoto. Ni rangi gani salama? (Mama mtarajiwa, Kasarani)

Hongera, mama. Vanishi nyingi za ndani zinazouzwa leo huwa salama zikishakauka kabisa, na kukauka kabisa hakumaanishi kutonata kwa kidole. Jipe mwezi mzima, kitanda kikae penye hewa, na usimlaze mtoto mpaka usinusie chochote. Vanishi ya maji ndiyo chaguo langu kwa sababu harufu yake ni ndogo.

Kwa rangi ya kawaida, ogopa madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 90 katika milioni, kwa hiyo nunua kopo lenye alama ya ubora na jina la mtengenezaji, usinunue rangi ya kupimiwa kwenye chupa. Na kama ni kitanda cha mtumba chenye rangi ya zamani, usikipige msasa mkavu nyumbani ukiwa na mimba. Vumbi lake ndilo hatari.

Kibao cha kukatia mboga nikipake nini? (Msomaji, South B)

Usikipake vanishi, kisu kitaikata na vipande viingie kwenye sukuma. Mafuta ya kupikia nayo huchacha. Nenda duka la dawa uombe likwidi parafini, ile safi isiyo na harufu ambayo watu hunywa kulainisha choo. Si mafuta ya taa, tafadhali. Paka kwa wingi, acha usiku kucha, futa. Ukipata nta safi ya nyuki, iyeyushe kidogo ndani yake.

Nimeanza kutumia mafuta ya kitani kwenye viti vyangu na nayapenda. Kuna la kuangalia? (Fundi, Gikomba)

Lipo moja kubwa. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye rundo kinaweza kushika moto chenyewe, bila kiberiti wala cheche. Mahali penye maranda na vibanda vilivyobanana, usithubutu kuviacha hivyo. Kila jioni vianike vitambaa nje kimoja kimoja, vimenyooshwa, mpaka viwe vikavu kama karatasi, au vitie kwenye debe la maji lenye kifuniko. Na mwambie kijana anayefagia karakana, kwa sababu yeye ndiye atakayevikusanya.