Kabla ya bei ya printa ulizeni bei ya wino

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama kununua printa ya nyumbani kunaokoa hela kweli. Mimi nina steshenari karibu na chuo, watu wananiletea printa zao kila mara, na kwa nilichokiona wengi haiwaokolei chochote.

Hizi printa ndogo za wino zinauzwa rahisi makusudi, faida ya kampuni iko kwenye katriji, vile vikopo vya wino. Mzazi anaona bei anafurahi anaibeba, kumbe mara nyingi ndani mna katriji za kuanzia ambazo hazijajazwa vizuri, mitihani ya mtoto kidogo tu wino kwisha, akienda kuulizia nyeusi na ya rangi anakuta zote mbili zinakaribia bei ya printa yenyewe! Na katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123 inahesabiwa kurasa 120 hivi, gawanya uone kila karatasi inakula shilingi ngapi.

Afu usipoprinti wino bado unaisha. Vitundu vya kutolea wino vikianza kukauka lazima printa isafishwe, nyingine zinajisafisha zenyewe kila ukiwasha, na kila usafi ni wino unamwagwa kwenye sponji huko chini. Yaani anayeprinti mara moja moja ndio anaumia zaidi, na inaniuma sana kumweleza hivyo mwanafunzi aliyejinyima akanunua.

Ukikimbilia katriji za bei nafuu za kampuni nyingine kuna chipu, kile kidude kwenye katriji ambacho printa inakisoma kujua ni ya nani. Septemba 2016 printa kibao za HP zilianza kukataa katriji zenye chipu za watu wengine, malalamiko yakawa mengi mpaka kampuni ikaomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri. Mtu kanunua mashine kwa hela yake, wino aachiwe achague.

Afadhali printa za tenki, zile unazomiminia wino wa chupa. Indonesia mafundi walikuwa wanaunganisha vimipira na chupa za wino nje ya printa, kampuni ya Epson wakaona, 2010 wakaanza kuuza huko huko printa yenye tenki lake. Chupa yao nyeusi ya Epson 103, ml 65 tu, inahesabiwa kurasa 4,500. Ni ghali mwanzoni ila kama una shule au unaprinti kila siku chukua hiyo, na kila wiki toa japo ukurasa mmoja wa rangi isikauke. Kama ni barua ya kazi na fomu mbili tatu kwa mwezi nenda steshenari ya mtaani kwenu, au tafuta printa ya leza ya nyeusi tupu hata ya mtumba, wino wake unaitwa tona, ni unga haikauki.