Kalenda ya Julai 7 kwa balozi zetu: anzeni Januari

Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, Novemba 2021, maadhimisho kwenye balozi zetu za Tanzania yamepata sura moja: hotuba tatu, ngoma, pilau, picha mbele ya bendera, kwaherini. Ukumbi unajaa watu ambao tayari wanakijua Kiswahili. Kama lengo ni wenyeji wakijue, kazi kubwa iko darasani, na kalenda ndiyo inayoikwamisha mapema.

Tarehe yenyewe ina heshima yake, maana Julai 7, 1954 ndiyo siku ilipozaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Lakini kwa shule za ugenini ni tarehe mbaya. Marekani na nchi za Skandinavia wanafunzi wako likizo tangu Juni, Ufaransa shule ndiyo zinafungwa, Afrika Kusini ni likizo ya majira ya baridi. England bado wanasoma, ila mwaka unaishia na walimu wamechoka. Kwa hiyo ziara za shule zifanyike Aprili na Mei, Julai 7 ibaki kilele. Barua zitoke Januari. Nakala moja iende kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa mwalimu wa jiografia au lugha, kwa sababu huyu wa pili ndiye atakayewajibu.

Shuleni mtapewa kipindi kimoja, dakika 45 hadi 60. Msipeleke nchi nzima: Serengeti, Kilimanjaro, makabila zaidi ya 120 na wimbo wa taifa. Chagueni mambo mawili. Dakika 10 za salamu zinatosha, na muanze na "shikamoo" na "marahaba", kwa sababu watoto wanapenda kuamkiana kwa zamu. "Jambo" ya watalii iacheni uwanja wa ndege.

Muda uliobaki upeni kanga. Doti tatu ni vipande sita. Darasa la watoto 30 linagawanyika watano watano, kila kundi na kipande chake mkononi, si cha kutazama ukutani. Waonyesheni pindo linalozunguka, mji wa katikati, kisha jina, yaani msemo ulioandikwa chini ya mji. Someni jina, elezeni nani anaweza kumpa nani kanga hiyo na anamaanisha nini (mafumbo ya mawifi huwachekesha hata wasiojua neno). Halafu kila kundi litunge jina lake kwenye karatasi. Pitieni majina ya kanga siku moja kabla, maana yapo ambayo hayafai darasani.

Kwa wanafunzi wakubwa, bao linafaa sana: mashimo 32, kete 64. Kosa la wengi ni kuanza na bao la Kiswahili lenyewe, kila mchezaji na kete 22 mkononi na sita kwenye nyumba, shimo lake kuu. Kipindi kitaisha mkiwa bado kwenye kanuni. Anzeni na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, wacheze papo hapo.

Karanga na kashata msibebe, shule nyingi zinazikataza kwa sababu ya mzio. Picha za watoto hazipigwi bila idhini ya wazazi kwa maandishi, hata kama afisa habari anazililia.

Darasa la jioni la watu wazima lina matatizo mengine. Wanafunzi 12 hadi 15, mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, wiki 10: jumla saa 15. Huo ni mlango tu wa A1, ngazi ya chini kabisa katika vipimo vya lugha vya Ulaya, msiahidi kwamba watu watazungumza. Mwalimu asichaguliwe kwa kuwa tu amezaliwa Tanga. Mwanafunzi atauliza kwa nini ni "mwalimu wangu" lakini "mama yangu", na jibu la "ndivyo tunavyosema" linamfukuza. BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) hutoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni; mtafuteni aliyepitia huko. Jedwali la ngeli lisiingie wiki ya kwanza. Saa, kinyume chake, ziingie mapema: simu inaonyesha 15:00, sisi tunasema saa tisa, na asiyezoea tofauti hiyo ya saa sita atakosa miadi yake ya kwanza Dar es Salaam.

Darasa la bure kabisa hupungua watu kufikia wiki ya nne. Amana ndogo inayorudishwa kwa aliyehudhuria mara nane husaidia, ila ishikwe na jumuiya ya diaspora kwa makubaliano ya maandishi. Ikiingia ubalozini kama maduhuli ya serikali, kuirudisha ni safari ndefu.

Kuhusu kilele chenyewe: muziki kwenye ukumbi wa kukodi hulipiwa hakimiliki kwa chama cha wenye haki za muziki, GEMA kwa Ujerumani, SACEM kwa Ufaransa, na ulizeni mapema nani analipa, ninyi au mwenye ukumbi. Nyama na maziwa kutoka nyumbani hayaruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria, hivyo nyama ya pilau nunueni hukohuko. Fomu ya kujiandikisha darasa la Septemba iwe mezani jirani na chakula, na kalamu za kutosha. Ikiwekwa mlangoni watu wataipita wakiwahi treni.