Mdogo wako ana riteki mbili mwaka wa pili wa Teknolojia ya Habari: amwone mshauri kabla hajafikiria kuhama

Ndugu uliyeuliza kutoka Busia, nimesoma maelezo yako mara mbili kabla ya kuandika. Umesema mdogo wako yuko mwaka wa pili wa shahada ya Teknolojia ya Habari katika chuo kimoja hapa Kampala, kwamba ameshindwa Utangulizi wa Uundaji Programu pamoja na Hisabati za Kompyuta, na hivyo ana riteki mbili, yaani masomo mawili ya kurudia, na kwamba sasa anawaza kuhamia Sayansi ya Kompyuta au kuhama chuo kabisa. Umeuliza pia kama kuna faida yoyote ya kumwona mshauri wa kitaaluma, maana aliyepangiwa amekutana naye mara moja tu, siku ya kutia saini fomu ya usajili. Mimi nilisoma shahada hiyo hiyo na nikachelewa kuhitimu kwa mwaka mzima. Baadaye nilikuwa mhadhiri msaidizi kwa miaka 6, na kila mwaka nilikabidhiwa wanafunzi wapatao 40 wa kuwashauri. Nimekikalia kiti cha mwanafunzi na nimekikalia kiti cha mshauri, na nitajibu kwa niliyoyaona nikiwa katika viti vyote viwili.

Kuhusu kuhamia Sayansi ya Kompyuta, jibu langu ni hapana. Masomo mawili aliyoyashindwa ndiyo hasa yanayobeba shahada hiyo. Mwongozo wa mitaala ambao ACM na IEEE, vyama vya kimataifa vya wataalamu wa kompyuta na uhandisi, walishiriki kuutoa mwaka 2005 uliigawa fani ya kompyuta katika shahada tano, yaani uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu, na ukisoma maelezo yake utaona kwamba sayansi ya kompyuta ndiyo inayozama zaidi katika nadharia na algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa mpangilio, ilhali teknolojia ya habari inaelekea upande wa kuifanya mifumo na mitandao ya taasisi itembee kila siku. Kijana anayekimbia hisabati za teknolojia ya habari akaenda kukutana na hisabati za sayansi ya kompyuta ameruka majivu akakanyaga moto. Zaidi ya hayo, vyuo kwa kawaida huruhusu kubadili programu mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Akihama sasa, yamkini ataambiwa aanze upya, na ada ya miaka miwili itakuwa imekwenda na maji.

Sasa nije kwa mshauri, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Hasara kubwa ya kushindwa somo iko katika kalenda kuliko ilivyo katika alama. Somo la muhula wa kwanza katika vyuo vyetu vingi hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo aliyelishindwa mwezi Desemba hulisubiri mpaka Agosti inayofuata, na katika kipindi chote hicho yale masomo yanayolitegemea yanaendelea kufundishwa bila kumngoja. Miundo ya Data na Algoriti inasimama juu ya Utangulizi wa Uundaji Programu. Uundaji wa programu za wavuti unahitaji hifadhidata pamoja na lugha moja ya programu uliyoizoea. Mradi wa mwisho unayahitaji yote hayo kwa pamoja. Mwanafunzi anayetazama orodha ya matokeo huona herufi moja mbaya katikati ya herufi nzuri, akajifariji kwamba ni somo moja tu. Haoni kwamba somo hilo lina watoto na wajukuu.

Nakumbuka binti mmoja aliyeingia ofisini kwangu na matokeo yake kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, akitaka nimtilie saini asajili masomo saba. Niligeuza karatasi ile, nikachora safu sita nyuma yake, kila safu muhula mmoja, nikaandika masomo yote ya programu ndani ya safu hizo, kisha nikaanza kuchora mishale kutoka somo linalotangulia kwenda somo linalolitegemea. Aliposogea kuangalia, mshale mmoja ulikuwa umetoka kwenye somo aliloshindwa, ukapita mwaka wa pili, ukapita mwaka wa tatu, ukaishia pembeni mwa karatasi mahali pasipo na safu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, mwalimu, mshale huu unaingia mwaka ambao mimi sina?" Tulikaa karibu saa nzima tukihamisha masomo. Hatimaye yale saba yakawa matano, mawili yasiyotegemewa na chochote yakasogezwa mbele, riteki ikawekwa mahali ambapo ratiba haikugongana, na mshale ukarudi ndani ya karatasi.

Kwangu mimi hakuna aliyechora karatasi hiyo. Mwaka wa pili nilikuwa na riteki moja ya hisabati, nilipata 47 na alama ya kufaulu ni 50, na mshauri niliyepangiwa alinitilia saini akiwa amesimama kwenye korido, fomu ameiegemeza ukutani. Simlaumu sana sasa, kwa sababu nimejua baadaye uzito wa kuwa na wanafunzi wengi na vipindi vingi, lakini wakati ule nilimlaumu kwa uchungu, maana mwaka uliofuata mtihani wa riteki yangu ulipangwa asubuhi ile ile na mtihani wa mitandao wa darasa langu. Nilichagua mmoja. Uliobaki ulinifuata hadi nikahitimu mwaka mmoja baada ya wenzangu, na kule Koboko mjomba wangu alikuwa ameshanunua mbuzi wa sherehe, ikabidi amuuze.

Jambo la pili ambalo mshauri anaweza kumfanyia ni hesabu ya wastani, na hesabu hii mdogo wako aifanye kabla hata ya kubisha hodi. Katika mfumo wa wastani ambao kilele chake ni 5.0, unaotumika Makerere na katika vyuo vingine vingi vya hapa, daraja la pili la juu linaanzia 3.60 na daraja la kwanza linaanzia 4.40. Kila somo lina krediti zake, yaani kipimo cha uzito wake, na wastani hupatikana kwa kuzidisha alama ya kila somo kwa krediti zake, kujumlisha, kisha kugawanya kwa krediti zote. Maana yake ni kwamba somo la krediti 4 linakuvuta kwa nguvu mara mbili ya somo la krediti 2, jambo ambalo wengi hulisahau wanapogawa muda wao wa kusoma.

Chukua mwanafunzi anayebeba krediti 20 kila muhula kwa mihula 6, jumla krediti 120, naye baada ya mihula 3 ana wastani wa 3.10. Amekusanya pointi 186, yaani 3.10 mara krediti 60. Ili amalize na 3.60 anahitaji pointi 432, kwa hiyo amebakiwa na pointi 246 za kutafuta katika krediti 60, ambayo ni wastani wa 4.10. Hiyo ni B, yaani 4.0, kwenda juu katika kila somo. Ni kazi, lakini inawezekana. Akipoteza muhula mmoja zaidi akiwa pale pale kwenye 3.10, atatakiwa kupata wastani wa 4.60 katika mihula miwili iliyobaki. Akipoteza muhula mwingine tena, hesabu itamdai 6.10 katika muhula wa mwisho, alama ambayo haipo duniani. Nimewaona vijana wenye akili nzuri wakisema watajirekebisha mwaka wa tatu, na ukiwaonyesha hesabu hii wanakuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Upande wa chini nao una ukingo wake: wastani ukishuka chini ya 2.0, vyuo vingi humweka mwanafunzi katika majaribio, yaani muda wa kuangaliwa kama atajirekebisha, na majaribio yakifuatana humtoa chuoni. Ni mihula mingapi inayovumiliwa, na je, alama ya riteki inafuta ile ya zamani au la, ni mambo ya kanuni za chuo chenyewe, na hapo ndipo mshauri anapopaswa kufungua kijitabu cha kanuni na kumwonyesha kifungu badala ya kumwambia kwa mdomo.

Kuna jambo la tatu ambalo halizungumzwi mpaka limemkuta mtu, nalo ni alama zinazokosekana. Mwanafunzi alifanya kazi za darasani, ambazo kwa kawaida ni asilimia 40 ya somo, akafanya mtihani wa asilimia 60, lakini kwenye mfumo wa matokeo panaonekana nafasi tupu au panaonekana ameshindwa kwa sababu upande mmoja haukuingizwa. Akiligundua hilo muhula huo huo, mhadhiri bado ana karatasi na kumbukumbu zake. Akiligundua mwezi mmoja kabla ya mahafali, mhadhiri ameshahama, aliyekuwa akikusanya kazi za darasani yuko nje ya nchi, na mwanafunzi anazunguka ofisi kwa ofisi akiwa na barua mkononi. Mdogo wako akague kwanza kama hizo riteki mbili ni za kweli. Nisingesema hivi kama sikuwa na wanafunzi wasiopungua wanne niliowakuta wanajiandaa kurudia masomo waliyokuwa wameshafaulu. Ahifadhi kila kazi iliyosahihishwa, hata zile ndogo, na asiitupe mpaka atakapovaa joho.

Umeandika kwamba kijana huyu A-level alisoma Historia, Uchumi na Jiografia, pamoja na sabu ya kompyuta, yaani somo dogo la nyongeza. Hapa ndipo penye mzizi, nami ningependa mshauri wake alijue kabla ya kingine chochote. Sabu ya kompyuta inamfundisha mtu kutumia kompyuta, yaani kuandika nyaraka, kutengeneza majedwali ya hesabu na hifadhidata ndogo. Haimfundishi kufikiri kwa seti, mantiki na fomula. Mtu aliyeiacha hisabati kidato cha nne akaikuta tena chuoni miaka miwili baadaye hana upungufu wa akili, ana pengo la miaka miwili, na pengo huzibwa kwa mazoezi ya kila siku. Mshauri mzuri atamtafutia mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kumsaidia, na atamshauri asibebe riteki ya hisabati na riteki ya uundaji programu katika muhula mmoja pamoja na mzigo kamili wa masomo. Kuhusu uundaji programu, aandike msimbo kwa mkono wake kila siku, hata nusu saa, iwe kwa Python au lugha yoyote inayofundishwa darasani kwake. Wengi wa niliowaona wakishindwa somo hilo walikuwa wanausoma msimbo kama mtu anavyosoma historia.

Aendeje kwa mshauri? Asiende wiki ya usajili, wakati foleni imefika kwenye ngazi. Aandike barua pepe wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa, aeleze kwa sentensi tatu hali yake, aombe nusu saa, na aambatishe matokeo yake yote tangu mwaka wa kwanza. Mimi nilikuwa nikiipokea barua ya namna hiyo labda mara tatu kwa muhula, na mwandishi wake sikumsahau. Asipojibiwa ndani ya wiki moja, aandike tena na kumnakili mkuu wa idara kwa heshima, bila malalamiko. Tena asione haya kueleza mambo ya nyumbani yanayohusika: kama anafanya kazi ya usiku ili alipe hosteli, mshauri asipojua atampangia masomo ya saa mbili asubuhi. Kwangu walikuwa wakija wanafunzi wa Bunia, kule Kongo, na wa Mombasa ambao hawakuwa wangu kabisa, kwa sababu tu walisikia kuna mtu wa kuzungumza naye Kiswahili katika jengo lile, na mara nyingi tatizo la masomo lilikuwa dogo kuliko walilokuwa wakilificha.

Kuhusu kozi ya Cisco, ile kampuni ya vifaa vya mitandao, uliyotaka kumlipia, isubiri. Cheti cha mitandao ni kitu kizuri kwa mtu wa teknolojia ya habari, na kinampa la kusema anapotafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo baada ya mwaka wa pili, lakini muda wake wa jioni sasa ni wa hisabati.

Na akiendelea kushikilia kuhama chuo, ajue kwamba chuo kinachompokea ndicho kinachoamua krediti zipi kizikubali, kwa hiyo aombe jibu hilo kwa maandishi kabla ya kulipa hata shilingi moja. Pia aulize idhini ya programu yenyewe, asiridhike na leseni ya chuo. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, huidhinisha kila programu kwa muda maalumu, na chuo chenye jina kubwa kinaweza kuwa na programu ambayo idhini yake imekwisha.

Karatasi ya mishale aichore mwenyewe kabla ya kwenda ofisini, ili nusu saa ile itumike kuhamisha masomo badala ya kuyaandika. Mpangilio wa masomo umo katika kijitabu alichopewa wiki ya kwanza, kile ambacho sisi pale hosteli Kikoni tulikiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.